Fundi Aliyeuza Dakika Kumi na Moja

Fundi wa betri wa Kitale amefariki. Aliyenipigia simu ni jirani yake, muuza mbegu, ambaye alinipa pole, kisha akaongeza, “Lakini bana, huyo mzee alikuwa na mdomo.” Nilikubali. Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba niliacha shule mapema na nimefanya kila kazi isiyouliza cheti. Wakati mmoja niliangalia duka la kompyuta la mtu huko Bungoma, na tajiri wangu akanituma Kitale kununua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea. Ndivyo nilivyokutana na mdomo huo.

Kabla ya hapo nilikuwa nikipakia mahindi, kwa hivyo nilichagua kisanduku kama mtu anavyochagua gunia. Niliinua kimoja, nikakiweka, nikainua kingine, na kizito zaidi nikakikumbatia. Fundi alinitazama mpaka nikamaliza. “Si ukitoboe pia, uone kama kimekauka vizuri?” Kisha akatoa balbu kubwa ya zamani iliyofungwa ndani ya soksi, akaichomeka kwenye kisanduku changu na kuchomoa waya ukutani. Balbu ilizimika kabla sijakaa. “Mbona unauza kibovu?” nikauliza. “Nani anauza? Hicho kimeletwa kutengenezwa. Ni wewe umekichagua.” Chepesi kilichokuwa kando yake kiliwasha balbu dakika kumi na moja, na alinilazimisha kukaa nizihesabu zote. “Hizo ni za kusevu na kuzima, si za kuendelea na kazi. Na printa isiguse hapo. Inakula kama mgeni wa harusi.”

Nilikinunua hicho chepesi, nikidhani maneno mengine ni maringo ya fundi tu. Miezi michache baadaye, msichana mmoja anayesoma chuo kikuu cha Kibabii alikuja asubuhi kumalizia ripoti yake. Ilitakiwa kwa mhadhiri saa nane mchana, la sivyo wenzake wangefuzu na yeye abaki. Sura ya mwisho alikuwa ameiandika yote bila kuisevu hata mara moja. Saa tano stima ikapotea, kisanduku kikaanza kulia. “Sevu,” nikamwambia. “Ngoja, bro, si nimalize hii sentensi.” Mimi nikafanya ujinga mkubwa kuliko wake: nikachomeka printa kwenye kisanduku ili iwe tayari. Pap! Kila kitu kikafa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, “Imeenda?”

Nilimpigia fundi nikitaka muujiza. Alicheka kwanza, tena sana. “Kama hamkusevu, hakuna dawa. Huyo msichana ana kichwa?” Nikasema anacho. “Basi kazi iko humo. Stima ikirudi, mwandikie. Na uache kunipigia simu.” Ilirudi saa sita. Msichana akasema, mimi nikachapa, mtu wa darasa la saba nikihitimisha utafiti kuhusu udongo wa miteremko ya Elgon. Fundi, aliyenikataza kupiga simu, alipiga yeye kila baada ya robo saa: “Umesevu, wewe mbebaji?” Saa nane kasorobo msichana alirukia bodaboda na karatasi zikiwa bado moto. Alifuzu.

Nimefikiria sana zile dakika kumi na moja. Tunanunua nafasi ya kujiokoa, halafu tunaitumia kuendelea kama kawaida. Sijui nani alikuwa bora kwa ujinga huo kuliko fundi mwenyewe. Daktari alimwambia presha imepanda, apumzike. Akasema amalize kwanza betri za shule moja kule Cheptais. Sasa binti yake amefungua duka na kukuta visanduku vya wateja vimejaa mpaka dirishani, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa jina. Wenyewe wamepanga foleni nje, wawili wakigombania kimoja, na binti hajui amwamini nani. Orodha yote ilikuwa kichwani mwa mzee, na kichwa hicho hakuna wa kukiambia kiseme tena, mwingine achape.

Kama kuna jambo linalojulikana na wewe peke yako, msomaji, liandike leo, stima ikiwepo na wewe ukiwepo. Sentensi unayotaka kumalizia itangoja.