Sauti ya Mama Sabuni

Mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni, kwa kuwa nusu ya nyumba za hapo alizifulia nguo yeye tangu usichana. Kizazi kilipomshuka hakumwambia mtu, mpaka alipoanza kulowa mkojo akiwa ameinama kwenye beseni. Hapo akamwendea wifi yake, dada wa mumewe, kwani hawakuwa wakifichana kitu.

"Upasuaji huo hatuuwezi," wifi alisema. "Lazima tuombe msaada. Hebu semea kwenye simu hii, daktari asikie unavyoteseka."

Akasema. Akalia. Akataja hata ya chumbani.

Sauti ile haikwenda kwa daktari. Ilikwenda kwenye kundi la mtaa, kisha ikasambaa kwa watu asiowajua. Michango ikamiminika, akapasuliwa, akapona. Hilo hakatai. Lakini aliporudi kazini, mama wa nyumba ya kona alimpokonya mashuka. "Pumzika tu dada, haya nitajifulia." Wa pili naye vivyo hivyo. Vijana wa dukani wakawa wanamwigiza anavyolia, wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Si umepona?" wifi alimshangaa. "Ulitaka niwaambie una mafua?"

"Ungesema naumwa, basi."

"Thubutu! Kwa naumwa hakuna anayetoa hata senti, wifi yangu. Watu mpaka walie."

Haukupita muda akasikia kuwa wifi anamchangishia mwanamke muuza mkaa wa mtaa wa pili, naye mgonjwa vilevile. Mama Sabuni alitoka mbio, mikono ina povu. Akamkuta wifi kando ya kitanda cha mgonjwa, simu mkononi.

"Dada, usiseme kitu!" alimwambia mgonjwa, akihema. "Atakuambia sauti inakwenda kwa daktari. Uongo! Hata wakwe zako watakusikia."

Muuza mkaa alijiinua kwa kiwiko. "Mbona najua, mama. Ameniambia itasikika kila mahali. Amenipa siku nzima nifikirie, nimekubali mwenyewe."

Mama Sabuni alimgeukia wifi yake.

"Huyu hata humjui, umemwambia ukweli. Mimi je?"

Wifi alitazama simu. "Wewe ungekataa. Ungebaki unalowa mpaka leo."

"Ningekataa, ndiyo. Mwili ulikuwa wangu."

Akaenda zake. Tangu siku ile hamwiti tena wifi. Akilazimika kumtaja, husema, "Yule dada wa mume wangu," na hapo hapo huanzisha habari nyingine.