Wivu wangu wa safari za ndege za kuvua sangala ulivyovunja mtumbwi wa rafiki yangu (Uvira, wakati wa vita)

Wakuu, salamu kutoka Uvira. Leo naweka hapa jambo langu la aibu. Sitaongeza chumvi, maana atakayechekwa humu ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya hapa kwetu. Mimi ni mvuvi, mzaliwa wa Kalundu, pale bandarini. Barabara ya kwenda kusini ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, na sisi wavuvi tulikatazwa kwenda mbali na ufuko wa ziwa. Tulikuwa tunavua ndagala, yaani dagaa, hapa hapa mbele ya nyumba zetu.

Mjini kulikuwa na wazungu wa kazi za misaada. Jumapili moja moja walikodi kandege kadogo, wakapandia kwenye kiwanja cha kule uwandani Ruzizi, wakashukia kusini kwenye ghuba ambayo gari haifiki. Huko walivua sangala kwa ndoano, kwa starehe.

Ndiyo, vita inaendelea na mtu anapanda ndege kwenda kuvua. Hata mimi nilishangaa.

Wakatafuta mtu wa kuwaonyesha mahali sangala wanapokaa. Wakamchukua Lubunga.

Lubunga ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Lakini wakuu, nani alimfundisha kufunga ndoano? Mimi. Nani alimwonyesha mawe wanakojificha sangala? Mimi. Alichonizidi ni Kifaransa tu, na chenyewe cha kubahatisha.

Jumapili ya kwanza nilisikia ndege ikipita juu ya nyumba. Nilikuwa nakula ugali. Ukanishinda.

Baada ya wiki kadhaa akaja ufukweni na foto. Amekumbatia sangala mkubwa kama mbuzi, meno yote nje. Watu wakapokezana ile foto. Mimi niliishika muda mrefu kuliko wote, roho inaniuma.

Sasa kuna kitu lazima mkijue. Kwetu mtumbwi ukirudi, walioko ufukweni wanaingia majini kuuvuta hadi juu. Haombwi mtu. Mwenye mtumbwi anachota samaki kidogo, anawapa. Tunaiita mboga. Siku ukikosa samaki hakuna anayekulaumu. Lakini kupata halafu ukala peke yako, hilo halisameheki, na wakati ule wa njaa ndiyo kabisa.

Basi mama mmoja muuza ndagala akamrudishia foto yake, akauliza, "Lubunga, na mboga yetu iko wapi?"

"Haiko, mama. Bale bazungu banamupimaka samaki, banamupiga foto, kisha banamurudisha mu maji."

Ufuko mzima ukacheka. Sangala arudishwe majini, na watoto wanalala njaa?

"Miye niliona na macho yangu," Lubunga akasema.

Mimi sikucheka. Nilisema kwa upole kabisa, "Mumuachilie. Muntu akipandaka ndege, anasahau bantu ba chini."

Nilijua ninachofanya. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba nikiongezea: kwamba samaki wanauzwa Bujumbura, kwamba mke wake anakaanga milango ikiwa imefungwa. Sikuwa nimeona chochote. Nusu niliamini, nusu nilitaka kuamini.

Siku chache baadaye Lubunga alirudi asubuhi na mtumbwi wake, yeye na mwenzake mmoja. Upepo wa kusini ulishaanza, mawimbi yanapiga mawe. Akatupa kamba ufukweni kama kawaida.

Hakuna aliyeiokota.

Tulikuwa watu zaidi ya kumi. Kamba iliangukia miguuni kwangu, wakuu. Nikakunja mikono. Aliniita jina langu mara moja tu. Mtumbwi ukagonga mawe, ubavu ukapasuka, ndagala wote wakarudi ziwani.

Jumapili iliyofuata alikuwa anahangaika kutafuta mbao, hakwenda na wageni. Wakatafuta mtu mwingine. Mnaweza kukisia nani alikuwa wa kwanza kujitokeza.

Nikapanda ndege. Nasema ukweli, nilipoiona Kalundu kutoka juu nilifurahi sana kwamba Lubunga yuko chini. Ndivyo nilivyokuwa.

Kule ghubani mgeni mmoja akavuta sangala, mkubwa kuliko yule wa foto. Wakampima. Wakatupiga foto, mimi na samaki. Kisha yule mgeni akaniambia nimshike majini mpaka apate nguvu, halafu nimwachie.

Nilidhani sijaelewa Kifaransa. Akarudia kwa mikono.

Nilimshika yule samaki nikawaza ugali mkavu wa nyumbani kwangu. Niliwaza hata kumkumbatia nikimbie naye. Kukimbilia wapi? Vidole vikafunguka, akapiga mkia, akaenda zake.

Jioni mke wangu akaniuliza, "Baba Furaha, mboga iko wapi?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la Lubunga.

Kesho yake nilikwenda ufukweni nikasema yote. Kwamba Lubunga hakudanganya, mwongo ni mimi. Yule mama akanitazama kutoka juu hadi chini. "Na weye bamekufundisha kusema vile?" Wakaona tumeshapanga, sasa tunakula wawili.

Wiki ileile nikarudi na mtumbwi wangu, upepo uleule. Nikatupa kamba. Watu wakakunja mikono, kama nilivyowafundisha.

Mtu mmoja tu akaingia majini hadi kifuani, akaishika. Lubunga. Walipomwona yeye anavuta, wengine wakaona aibu, wakaja.

Mtumbwi ulipofika juu nilimchotea mboga kwa mikono miwili. Akachukua kiasi kile anachopewa mtu yeyote, nyingine akairudisha chomboni, akaenda kuendelea kugongea mbao zake.

Hata hapo nilimwonea wivu, wakuu. Ndege nimepanda, foto ninayo mpaka leo, lakini roho kama ile sina.

Nilichojifunza ni hiki: ukiona mwenzako amepata, usitangulie kumhesabia alichoficha. Mtumbwi wake tulikuja kuutengeneza pamoja, ila kule kuniita jina langu mara moja bado nakusikia.

Haya, nichaneni, nimekaa tayari. Na kama humu kuna mwingine aliyewahi kuiacha kamba ya rafiki yake miguuni, naye aseme.