Mazishi Nyuma ya Jengo

Ndege tuliyemzika nyuma ya jengo letu katika mtaa wa Malvern, huku ughaibuni, huenda alikuwa hai. Wiki iliyopita, katikati ya jiji, nilimwona mama mmoja akiokota ndege kama yule chini ya jengo la vioo. "Amezimia tu," aliniambia. "Akipumzika ataendelea na safari yake ya Marekani kukimbia baridi."

Wetu aligonga dirisha alasiri moja tulipokuwa watoto, akaangukia kibarazani, kifua chake cha manjano kingali na joto. Bibi alikuwa ametufundisha kwamba maiti hacheleweshwi. Dada yangu Zainabu alimviringisha kwa kitambaa cheupe, tukamwelekeza kibla, tukamfukia haraka. Udongo ulinukia mvua.

Juzi nilimwandikia Zainabu maneno ya yule mama. "Kile kitambaa kilitikisika," akajibu. "Nikadhani ni upepo. Wewe hukuona, mdogo wangu?"