Wajumbe katika Kichwa cha Mke Mwenzangu

Waliokuwa kwenye baraza, nyuma ya hospitali, ni hawa: mimi; binti yangu wa kwanza; mjukuu wangu, yaani mtoto wa huyo binti, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa; kaka mkubwa wa marehemu baba wa mtoto, ambaye kwa desturi yetu ndiye baba sasa; mama wa maombi, ambaye ni jirani yetu, aliyekuja ndani ya gari la huyo baba mkubwa; na muuguzi wa zamu, mwanamke wa asili ya Kasai, aliyesimama mlangoni na funguo mkononi. Majina yao yote ninayo, ya ubatizo na ya nyumbani, na ya waliowazaa. Siyaandiki. Muuguzi ana kazi yake, na baba mkubwa ana wajukuu wanaojua kusoma.

Walikuja kumtoa mtoto. Walitaka kumpeleka kwenye chumba cha maombi kule upande wa mtaa wa Annexe. Chumba kile nilikijua. Nilikwenda siku moja kumsalimia kijana wa rafiki yangu, nikamkuta amefungwa mguu kwenye nguzo, midomo imepasuka kwa kiu. Pale mgonjwa wa kichwa anafunga kavu: hakuna chakula, hakuna maji, na dawa ya hospitali ni marufuku. Nilisema moyoni, wa kwangu hataingia humu nikiwa hai. Sasa walikuwa wamekuja na gari, na mimi nilikuwa bado hai.

Lazima nieleze huyu mjukuu ni nani kwangu. Kwetu, sisi watu tuliotoka kaskazini kufuata kazi ya reli, bibi na mjukuu wa kike wanaitana mke mwenzangu, kwa sababu mume wao ni mmoja, yule babu. Ananitukana, namtukana, hakuna kukasirika. Tangu ulimi wake ulipofunguka aliniita kizee kilichokataa kufa ili kimnyime mume. Babu alipokufa tuliendelea kumgombania vilevile.

Alipokua akawa anauza mikate ya kukaanga kwenye barabara ya Luano, karibu na uwanja wa ndege. Nilijua ameanza kuugua siku alipoacha kunijibu. Nilimwambia, "Mke mwenzangu, mikate yako leo ni migumu, unataka kumaliza meno yangu yaliyobaki ubaki peke yako na bwana?" Akanitazama tu. Kisha akasema pole pole, "Nkambo, ndege ikishuka, bale bantu ba mu ndani banasema juu yangu." Nkambo ni bibi, na bale bantu ni wale watu. Baada ya ndege ikawa redio ya jirani, baada ya redio ikawa mbwa. Kila kitu kilikuwa kinasema juu yake. Usingizi ukamkimbia, chakula akaona kina sumu. Tukampeleka hospitali, akalazwa, akatulia kidogo, akarudi nyumbani na kinini, yaani vidonge, za kumeza.

Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo watu wa lupango letu, kiwanja tunachokaa pamoja, wanalisimulia mpaka leo, na wanalisimulia vibaya.

Ilikuwa mchana, mama wa maombi na kikundi chake wanaimba kwetu uani. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti. Mara shingo yake ikapinda kwenda nyuma, macho yakapanda juu, yakabaki huko huko, weupe tu ndio unaoonekana. Kinywa wazi, ulimi nje kidogo. Mama wa maombi akapiga magoti.

"Anaona! Mbingu imefunguka! Mutoto anaona!"

Wote wakapiga magoti. Wakaanza kumuuliza mambo. Mmoja anauliza kama mtoto wake atapata kazi. Mwingine, mke wa mtu anayefanya biashara ndogo mpakani, akasogea karibu kabisa: "Mama, umwangalie bwana yangu kule Sakania. Iko na mwanamuke mwingine, ao haiko naye?"

Mimi nilikuwa naangalia machozi. Yalikuwa yanatoka kwenye yale macho na kuingia masikioni, kwa jinsi kichwa kilivyolala nyuma. Nikashika taya yake, ilikuwa ngumu kama jiwe. Mtu anayeonyeshwa malaika hasagi meno kwa maumivu.

"Mutoke," nikasema. "Anaumia."

"Mama, usizuie roho!"

"Roho gani inapinda shingo ya mutoto? Mutoke, mulango njo ule!" Nikawaonyesha kwa kidole.

Tukampakia kwenye moto, ile pikipiki ya kukodi, dereva mbele, mtoto katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake kwenye bega langu, macho bado juu. Watu barabarani walidhani nabeba maiti.

Yule muuguzi alipomwona hakupiga kelele wala ishara ya msalaba. Alisema tu, "Pole, mama, hii tunaijua," akamchoma sindano, akanipa kikombe cha chai. Chai haijapoa, shingo ikaanza kulegea. Macho yakashuka. Mtoto akafunga kinywa, akameza mate, neno la kwanza likawa: "Nkambo, balikuwa banauliza mambo ya Sakania." Tukacheka sote watatu, mimi nikilia.

Nikamuuliza muuguzi ni nini kile. Mimi niliacha shule nikiwa mdogo, kwa masista, na sikutaka majibu ya Kifaransa. Akakaa kitandani karibu na mimi, akanieleza.

Alisema ndani ya ubongo kuna mishipa midogo sana, haihesabiki, na haigusani. Kati ya mmoja na mwingine kuna nafasi, kama kijia kati ya lupango mbili. Mshipa wa huku ukitaka kusema kitu, unatuma mjumbe. Anavuka kijia, anabisha mlango wa ng'ambo. Wajumbe wapo wa aina nyingi. Kuna mmoja, wanamwita dopamini, ambaye kazi yake moja ni kusema: angalia, jambo hili ni kubwa, linakuhusu wewe. Ni mjumbe mzuri, bila yeye hata kuamka kitandani hutaki. Lakini akitumwa kupita kiasi, kila kitu kinakuhusu. Ndege inakuhusu, redio inakuhusu, mbwa anabweka jina lako.

"Sasa dawa inafanya nini?"

"Inakaa mlangoni, mama. Mjumbe anafika, anakuta mlango umezibwa."

"Na shingo?"

"Dawa haichagui milango. Imeziba na ile ya mishipa inayoongoza mwili. Kule dopamini anafanya kazi pamoja na mwenzake, asetilikolini. Mmoja akizuiwa, mwingine anabaki anapiga kelele peke yake, na misuli inakaza. Sindano imemnyamazisha huyo. Muganga wetu wa hospitali atapunguza kinini, ataongeza nyingine ya kulinda shingo. Si pepo, na si kosa la mtoto."

Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma: "Na nani anatuma bale bajumbe bote? Kuna muntu anabatuma?"

Akajibu: "Hapana, mama, hakuna mtu. Lakini kwa nini kwa huyu na si kwa ndugu yake, vizuri kabisa hatujui. Milango tunaijua kiasi. Mengine bado."

Mama wa maombi alikuwa anajua yote. Alijua ni shangazi gani, aliroga kwa nyama gani, siku gani. Huyu aliyesoma aliniambia hajui. Nikamwamini huyu.

Mtoto akalazwa tena, na mimi nikakaa naye, nikipika kwenye mbabula, jiko la makaa, kule barazani, bukari, yaani ugali, na mchicha wa lengalenga, maana katika hospitali zetu mgonjwa bila mtu wa kumpikia analala njaa. Kila asubuhi nilimtukana, naye hakujibu. Muuguzi alikuwa na maswali yake ya kumuuliza, leo ni siku gani, umelala vipi. Mimi niliendelea na matusi. Halafu asubuhi moja nilipompa uji akauonja, akasema, "Weye kizee, unaweka chumvi namna hii, njo maana bwana alikufa." Nikaacha kijiko, nikaenda kumwita muuguzi mbio, kwa miguu hii yangu. Alidhani kuna mtu ameanguka.

Na ilikuwa baada ya hapo, mtoto ameanza kurudi katika hali yake, ndipo wakaja na gari.

Baba mkubwa aliongea kwanza, amesimama, koti limefungwa vifungo vyote. Alisema yeye ndiye baba, damu ni ya kwao, na hospitali imempinda mtoto shingo mbele ya watu. Hakuongopa. Dawa ndiyo iliyompinda shingo. Alisema kaka yake alimwachia mtoto mzima, si mtoto anayetetemeka mikono. Nilimwona anaogopa kweli, na kwa hilo sikumchukia.

Mama wa maombi akadakia: "Tumutoe leo. Atafunga, tutaomba, atapona. Hizi kinini zinafunga roho yake."

Muuguzi akajaribu: "Dawa ikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Na wale wajumbe wa ubongo wanatengenezwa kutokana na chakula. Ukimnyima chakula na maji..."

"Madame, hii ni mambo ya familia," baba mkubwa akamkata. Muuguzi akanitazama mimi. Binti yangu alikuwa ameangalia chini. Mjane hajibizani na ukoo wa mume, anajua watakavyomwita kesho.

Baba mkubwa akaokota mfuko wa nguo za mtoto, ambao walikuwa wameutoa wodini. Nikasimama mlangoni, mbele ya muuguzi, pa kutokea.

"Mama, tupishe."

"Sipishi."

"Mama, kwa heshima, weye uko upande wa mwanamuke. Hauna neno hapa."

"Sina neno? Huyu ni muke mwenzangu, mulimuozesha kwa bwana yangu siku alizaliwa! Mutamutoa namna gani mu nyumba yangu bila kuniuliza?"

Akacheka kidogo, kicheko cha heshima, akapiga hatua. Basi nikashika fundo la kikwembe, kitenge changu nilichofunga kiunoni.

Msomaji wa kwetu anajua. Mwanamke mzee aliyezaa akivua nguo mbele yako kwa hasira, ni laana, na hakuna anayejua namna ya kuiondoa. Mama wa maombi akafunika uso kwa mikono yote miwili. Baba mkubwa akageuka akatazama ukuta.

"Mama, hapana! Mama, usifungue!"

"Ninafungua! Mukitaka kufunga muntu, mukuye munifunge mimi! Munipeleke mimi kule Annexe, muninyime maji, tuone nani atapona!"

Nilikuwa nimelegeza fundo tayari. Nilikuwa nafungua kweli. Watu wananiuliza kama ilikuwa vitisho tu, nawajibu waulize ukuta.

Hapo mtoto akaongea. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza kitu, hata mimi, na najiona nilikuwa sawa na wao katika hilo.

"Baba mukubwa," akasema, "ile sauti bado iko. Lakini sasa inasema pole pole, sawa bantu ba lupango ya jirani. Ninaweza kupika, yenyewe ikiongea. Kabla haikuwa hivi. Mikono inatetemeka, ndiyo, ninaona. Mimi ninabaki hapa. Munifanyie maombi, sikatai. Lakini ninabaki, na kinini ninameza."

Baba mkubwa bado alikuwa ameangalia ukuta. Binti yangu akainuka, akaenda akautoa ule mfuko mkononi mwa huyo shemeji yake, akaurudisha wodini, chini ya kitanda. Naye hakumzuia.

Wakaomba palepale barazani, mama wa maombi kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakatoka kusikiliza. Nikaitikia amina, kwa nguvu. Saa ya dawa ikafika katikati ya maombi, muuguzi akaleta kinini na maji, mtoto akameza, na maombi yakaendelea. Sijaona Mungu akikasirika.

Leo anauza mikate tena. Vidole vinatetemeka kidogo anapokata unga uliokandwa, amenenepa, kuna siku sauti zinapanda na tunarudi hospitali. Hajapona kama watu wanavyotaka kusikia. Kanisani wako wanaosogea mbali kwenye benchi tukikaa. Sisi tunakaa.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Kama ulikuwa pale na unajua nimekosea, labda nani alitangulia kuongea, au kama maombi yalikuwa kabla mfuko haujarudi, njoo uniambie nitengeneze. Muuguzi naye, kama nimewachanganya wale wajumbe, anisahihishe, nitamshukuru. Na yule anayesema mtoto aliona mbingu siku ile uani, naye aje. Nitamweka kiti, nitamweleza tena, mpaka mwisho.