Neno la Shukrani pale Biharwe

Mama yangu ana kigugumizi. Nasema mapema ili mtu asije akamwonea huruma. Mimi sikumwonea, niliwakasirikia wengine. Kanisani kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, kila aliposimama kutoa ushuhuda na neno likamkwama, kiongozi wa kwaya alianzisha pambio, watu wakapiga makofi, mama akaketi. Walifanya kwa upendo. Lakini tangu tulipofika kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, hakuwahi kumaliza ushuhuda hata mmoja.

Mwaka 2015 kwaya ya akina mama ilichanga, ikakodi basi dogo twende Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, kwenye kilima ambapo zamani za wafalme jua lilizimika mchana. Mama alikuwa makamu wa rais wa kwaya, cheo walichompa kwa kuwa makamu hasemi. Asubuhi ya safari, rais akaamka na homa, akabaki nyumbani.

Akina mama walipanda kilima na vitenge vyao vya sare, wakitarajia magofu. Wakakuta mnara mpya. Mmoja aliugusa, akanong'ona, "Lakini simenti hii ni ya juzi!" Nikamwambia mnara ni mpya, habari yake ndiyo ya kale. Hakuridhika, ila alipiga picha kama wenzake.

Kijana wa kutembeza wageni alitusimulia vizuri. Mfalme wa Bunyoro, ufalme wa jirani, alikuja na jeshi, na wakati huo wenyeji wa nchi hii hawakuwa tena na ng'ombe. Akiwa hapo kilimani, jua likazimika. Jeshi likatoka mbio, likaacha mifugo yake yote. Wenyeji walipotoka mafichoni wakakuta ng'ombe, wakasema wameanguka kutoka mbinguni.

Alipomaliza alitazama saa. "Haya, imeisha. Watu ingine iko nangoja pale chini."

Masikini, hakuwajua Wakongomani. Sisi hatutoki mahali bila neno la shukrani. Shukrani ya punda ni mateke, nasi si punda. Akina mama wakajipanga, na macho yote yakamwendea makamu wa rais.

Mama akasogea mbele. Nilijua akishindwa mbele ya wageni hatasimama tena popote, hata kanisani.

"Tu... tu... tunashukuru," alianza. "Ba... ba..."

Likakwama. Shingo ikamtoka mishipa. Kijana akatazama tena saa yake, na nyuma yangu nikasikia kiongozi wa kwaya akivuta pumzi. Pambio likaanza, wenzake wakalidaka, makofi yakafuata.

Mama akageuka, akainua mkono.

"Munyamaze. Si... sijamaliza."

Walinyamaza kama watoto waliokemewa. Sijawahi kumwona mama akikemea mtu mzima. Akamgeukia yule kijana, na sasa hakuharakisha. Neno lilipokwama alilingoja, nasi tukalingoja pamoja naye.

"Baba, umetuambia batu balikimbia, bakaacha ng'ombe. Siye pia tulikimbia. Tuliacha ng'ombe moja, ya madoa, ilikuwa na mimba. Kila siku niliilaani ile mikono yenye iliikamata. Leo nimesikia habari yenu. Labda yule mutu alitoka mafichoni, hana kitu, akaikuta imesimama, akasema Mungu ndiye ameituma."

"Kama ni hivyo, Mungu amubariki. A... aikamue vizuri. Lakini asiipige. Ile ng'ombe haijue fimbo."

Akakunja mikono. "Sasa nimemaliza."

Kijana wa watu alikuwa amesahau saa yake. Aliniinamia, akaniuliza, "Ule mama ni ya nani?"

Nilijibu kwa sauti, hata wale waliokuwa wakingoja chini wakageuza vichwa: "Ni mama yangu!"