Kabla Gari Halijapata Joto

Mimi sina subira na kitu kinachonizungusha, na gari la baba lilikuwa linanizungusha. Likiwa baridi, ukiliwasha linatetemeka mwili mzima, linakohoa, linataka kuzima. Likishapata joto linatulia tuli, unabaki kujiuliza kama uliota. Baba aliniachia gari hilo baada ya mama kufariki, kwa sababu macho yake hayakumruhusu tena kuendesha. Nililipenda, sikatai. Lakini asubuhi moja lilinizimikia katikati ya barabara kuu, na trekta lililojaa miwa likawa linateremka mlima huku likipiga honi. Lilinipita karibu sana hata miwa ikakwaruza kioo. Shuleni nilifundisha siku nzima nikiisikia ile honi. Jioni nilimsimulia baba yote, nikaapa kwamba gari hilo litatengenezwa au litauzwa.

Fundi wangu ana kibanda chake mjini, mtaa wa Amalemba. Alibadilisha plagi, akasafisha hiki na kile, lakini kila nikimfikia, gari lilikuwa limeshapata joto njiani na halionyeshi kosa lolote.

"Mwalimu, hii gari ni mzima kukushinda," alinitania.

Nilimwambia aache mzaha, trekta lingenifanya uji. Basi akasema atakuja yeye mwenyewe nyumbani kwetu, upande wa msitu, alfajiri gari likiwa bado baridi. Nisiguse ufunguo mpaka afike.

Alifika na pikipiki, ukungu ukiwa umelala shambani. Gari letu hulala nyuma ya ghala la mahindi, mbali na madirisha. Tulilikuta limelowa umande kote, isipokuwa boneti. Boneti ilikuwa kavu. Fundi akaweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka.

"Si nilikwambia usiwashe?"

"Nani amewasha? Ndiyo kwanza naamka!"

Tukalizunguka. Mlango wa abiria haukuwa umefungwa vizuri. Kioo cha upande huo kilikuwa na mvuke kwa ndani, na mvuke huo ulikuwa umepanguswa mahali pamoja tu, usawa wa uso wa mtu aliyeketi. Fundi alijaribu kucheka. Akasema labda ni wale wachawi wanaokimbia usiku, siku hizi wamechoka kwenda kwa miguu. Ufunguo nilikuwa nimelala nao chini ya mto.

"Ikiwa imepata joto siwezi kupima kitu," akasema, na akaondoka mbio kuliko alivyokuja.

Siku iliyofuata niliamka kabla ya jogoo, nikachukua panga, nikajibanza kwenye mlango wa jikoni. Niliogopa, tena sana. Nikasikia gari likishika, likikohoa, likianza kutetemeka. Halafu nikasikia sauti ya mtu akizungumza polepole. Anasema kidogo, ananyamaza, kama anayejibiwa.

Nilisogea ukutani mwa ghala mpaka nikaona kioo cha nyuma. Ndani mlikuwa na watu wawili. Mmoja ameshika usukani. Wa pili amejifunika shali, na mabega yake yanatetemeka. Shali ile niliijua. Ilikuwa ya mama, na mama tulikuwa tumemzika.

Panga lilinitoka mkononi. Kwa ule mlio, yule wa kwenye usukani akageuka. Alikuwa baba, amevaa koti lake la kanisani.

"Ingia nyuma, mama," akaniambia, jinsi anavyoniita siku zote. "Usigonge mlango."

Niliingia. Kwenye kiti cha abiria hapakuwa na mtu. Shali ilikuwa imevishwa mgongo wa kiti, na kiti kilikuwa kikitetemeka pamoja na gari.

"Anakujanga kila alfajiri kabla gari ipate joto," baba akasema.

Nikaelewa. Alfajiri ile alipompeleka mama hospitali, homa ilikuwa imemshika, akatetemeka kando yake njia nzima. Baba akampangusia kioo aone nje. Mlangoni pa hospitali wakamchukua, na baba hakumwona tena akiwa hai. Ufunguo wa pili, ambao sote tulidhani ulipotea wakati wa matanga, alikuwa nao yeye.

Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Tukakaa tukiitazama shali. Mabega ya shali yalitetemeka, yakapunguza kutetemeka, yakapunguza tena, kisha yakatulia.

"Haya. Ameenda," baba akasema, akazima gari.

Nikamwambia basi, gari tuliache lilivyo, nitapanda matatu. Wallahi nilimaanisha. Lakini baba alitikisa kichwa.

"Ile trekta ya miwa sijaisahau. Nimezika mmoja. Mwambie fundi aje kesho, ataikuta baridi."

Na fundi alilikuta baridi. Nililiwasha, likatetemeka vizuri mbele ya macho yake. Akanyunyizia petroli kidogo kidogo kwenye mipira ya kupitisha hewa nyuma ya injini, na alipofika mmoja, mngurumo ukabadilika ghafla. Mpira ulikuwa na ufa. Kwenye baridi ufa hufunguka, injini inavuta hewa isiyotakiwa. Mpira ukipata joto unavimba, ufa unajifunga. Akaweka mpya. Baba alikuwa amesimama kando muda wote, kofia mkononi. Tulipowasha tena, gari lilinguruma laini, halikutikisa hata jani lililokuwa juu ya boneti. Fundi akashangilia peke yake.

Kesho yake alfajiri sikungoja kusikia lolote. Nilikwenda nyuma ya ghala, nikamkuta baba ameshawasha. Shali ilikuwa kwenye kiti, imetulia. Yeye anaitazama kwa macho yake yasiyoona vizuri, na uso wake ulinivunja moyo. Nikafungua mlango wa abiria, nikaichukua shali nikajifunika, nikaketi.

Baba alinyoosha mkono, akanipapasa bega. Akauacha hapo kwa muda.

"Leo hutetemeki," akasema.

Hakuwa akisema nami. Sauti ile sikuwahi kuisikia akiitumia kwangu.

"Sitetemeki," nikamjibu.

"Basi umepona," baba akasema, na akazima gari.