Sahani Iliyoanzia Katikati

Harufu ya grisi kuukuu, iliyokauka ikawa nyeusi kama lami, ndiyo hunirudisha Kasongo, mashariki ya Kongo. Juzi fundi aliifungua saa yangu ya ukutani, harufu ikanipiga puani, na papo hapo nikawa mtoto wa miaka tisa, nimepiga magoti mkekani, nimeshika bisibisi niliyokatazwa kuigusa.

Zamani hizo za Wabelgiji tulikaa kwa Koko, mama yake mama. Koko alikuwa na sahani moja ya gramafoni, nyeusi na nzito, aliyoizungushia kitambaa cheupe na kuilaza ndani ya kikapu cha mpunga. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuisikia. Babu ndiye aliyeileta kwa miguu kutoka Tabora, alikokwenda kubeba mizigo ya askari katika vita vya kwanza vya Wazungu. Alitoka na mdogo wake Kalume, akarudi peke yake. Juu ya Kalume alisema tu kwamba homa ilimchukua njiani. Juu ya sahani, mpaka siku ya kufa kwake, alisema: "Musiitupe. Iko na mutu ndani."

Basi Koko akaamini kwamba mtu huyo ni Kalume. Aliitamani sauti hiyo, na aliiogopa vilevile. Miaka ikapita hivyo, mpaka sikio lake la kushoto likaziba kabisa na la kulia likaanza kulifuata. Hapo mama mudogo Zaina, mdogo wake mama, akatangaza kwamba atatengeneza mashine kabla masikio ya Koko hayajaisha.

Mama mudogo alikuwa mshonaji. Cherehani yake aliifungua na kuifunga mwenyewe kama mtu anayemenya ndizi. Alijua kwamba mfanyabiashara mmoja aliyehama zamani aliacha gramafoni, na kwamba watu waligawana vipande vyake bila kujua ni vya nini. Tukaanza kuvitafuta, yeye na mimi. "Chuma hakidanganye," aliniambia. "Angalia fasi imelika, pale kimeisha kwa kusuguana, utajua kilikuwa kinashikana na nani."

Nikawa mtoto wa kuchungulia vyombo vya watu. Pembe ya kutolea sauti tuliikuta sokoni: muuza mawese aliitumia kujazia chupa, na ilinukia mawese mpaka mwisho. Bamba la duara la kuzungushia sahani lilikuwa kifuniko cha chungu cha jirani. Mimi ndimi niliyeliona tundu lake la katikati, mvuke wa sombe ya majani ya muhogo ukitoka humo kwa mluzi, nikapiga kelele hata mwenye chungu akadhani nimeungua. Sanduku lenyewe, springi ikiwa bado ndani, lilikuwa kiota cha kuku. Kuku alilala nje siku mbili akitulaumu.

Siku mama mudogo alipoikaza skrubu ya mwisho, alitia sindano ya chuma kwenye kichwa cha mashine, akazungusha mpini wa kukazia springi, akaishusha sindano ukingoni mwa sahani. Ikatoka sauti ya kukwaruza, kama sufuria likisuguliwa kwa mchanga, na vumbi jeusi likaruka.

"Acha!" Koko alilia. "Munamuumiza!"

Alikimbilia sahani akaikumbatia. Kwa siku kadhaa hakutaka tuikaribie. Mimi nilikuwa mtundu. Alipokwenda shambani niliifunua nikaitazama tu, bila kuitoa kikapuni. Sahani nilizoziona misheni, kwa mapadre wasioazima mtu mashine yao, zilikuwa na karatasi katikati. Hii haikuwa na karatasi. Maandishi yake yalichorwa juu ya sahani yenyewe. Nikamwambia mama mudogo. Aliifunika cherehani yake, akasema, "Vaa viatu. Tunaenda Kabambare, kuna muzee anajua sahani."

Tulipanda kamyo, lori la kubebea pamba, tukalala kwa ndugu, na asubuhi tukamkuta mzee Saidi, aliyewahi kuwa mpishi wa Wazungu na kuwapigia gramafoni kila walipokula. Mama mudogo alipomweleza, mzee alicheka.

"Sahani iko namna mbili, binti yangu. Kuna ya sindano na kuna ya kijiwe. Hiyo yenu ni ya kijiwe. Na haianzie pembeni, inaanzia katikati, sawa mutu anayetoka ndani ya nyumba yake."

Kutoka kwenye kopo la tumbaku alitoa kichwa kingine cha mashine, na nchani mwake kijiwe cha duara, kidogo kama chembe ya ulezi. Kwa malipo alitaka ashonewe kanzu. Mama mudogo alimpima palepale kwa kamba.

Jumapili hiyo alasiri tulimkalisha Koko mkekani, sikio lake la kulia mdomoni mwa pembe. Mama mudogo alikishusha kijiwe katikati. Kwanza mkwaruzo, halafu tarumbeta, halafu sauti ya mwanaume Mzungu akianza kuimba. Alishindwa. Akaanza tena, akashindwa tena, kwa sababu alikuwa anacheka. Sahani nzima ilikuwa mtu anacheka, anavuta pumzi, anacheka upya.

"Si Kalume," Koko alisema.

Hatukuthubutu kumtazama. Yule mtu wa sahani aliendelea kucheka.

"Anacheka nini?"

"Sijui, mama," mama mudogo akajibu, karibu kulia.

Ndipo nikaona mabega ya Koko yakitikisika. Nilidhani ni kilio. Kumbe kicheko kilikuwa kimemshika tumboni, kikapanda, mpaka kilemba kikaanguka na mama mudogo naye akashindwa kujizuia. Sahani ilipokwisha, Koko alijifuta macho. "Rudisha," akasema. Tukarudisha mpaka springi ikachoka. Kabla ya mavuno sikio la kulia nalo lilikuwa limeziba.

Mimi, niwaambieni kweli, nilivunjika moyo. Chuma chote kile, safari yote ile, kwa ajili ya mpumbavu mmoja asiyeweza kumaliza wimbo! Nilikuwa na mvi tayari nilipowasikia wazee wengine wakieleza safari ya Tabora: wapagazi walioachwa kando ya njia, mizigo yao ikipachikwa juu ya waliobaki hai. Babu alikuwa amebeba risasi za wengine miezi mingi, na alikuwa amemzika mdogo wake. Alipopata ruhusa ya kurudi na bega lake likawa mali yake, angeweza kuchukua nguo, au birika. Alichagua mtu anayecheka, aliyemsikia hukohuko Tabora, akatembea naye mpaka nyumbani, ingawa hakuwa na mashine ya kumsikiliza. Koko alilielewa hilo siku ileile, kwa nusu ya sikio. Mimi na masikio yangu mawili, lilinichukua karibu umri mzima.